Ukishindwa Unarudi Nyumbani: Miaka 47 ya Kombe la Gillette na Warithi Wake

Ndugu wapenzi wa kriketi, viongozi wa vilabu, waamuzi, na ninyi mnaokaa mezani na daftari la mikimbio, nawashukuru kwa kufika.

Mada yetu ni kombe ambalo halichezwi tena. Lilianza Mei 1963 kwa jina la Kombe la Gillette. Mwaka 1981 likaitwa NatWest Trophy, mwaka 2001 Cheltenham & Gloucester Trophy, na mwaka 2007 Friends Provident Trophy. Fainali yake ya mwisho ilichezwa katika uwanja wa Lord's, London, Julai 2009. Wadhamini walikuwa wanne, lakini kombe ni hilo hilo: mashindano ya siku moja ya kaunti za Uingereza na Wales, ya kwanza ya aina yake kwa kaunti zote kubwa.

Hoja yangu naitaja mapema ili mnipime nayo. Uhai wa kombe hili haukutoka kwenye idadi ya ova, yaani mafungu ya mipira sita, wala kwenye fedha za mdhamini. Ulitoka kwenye kanuni ya mtoano: ukishindwa leo, umemaliza mpaka mwakani. Idadi ya ova ilibadilishwa mara kadhaa na kombe likaendelea kupendwa. Mtoano ulipoondolewa mwaka 2006, kombe lilikufa, ijapokuwa jina lilibaki kwenye ratiba kwa misimu minne.

Tuanze na sababu ya kulianzisha. Ubingwa wa Kaunti ulichezwa kwa mechi za siku tatu, kila timu ikiwa na zamu mbili za kupiga, na mechi nyingi ziliisha bila mshindi. Mara tu baada ya Vita vya Pili vya Dunia watu hawakujali hilo. Walikuwa na kiu ya michezo, na mwaka 1947 zaidi ya watu milioni 2 walilipa kiingilio kutazama mechi za ubingwa. Kufikia 1963 idadi hiyo ilikuwa imeporomoka hadi kama 700,000. Mfanyakazi wa kiwandani hana siku tatu za kukaa uwanjani, na akipata siku moja anataka aondoke akijua nani kashinda. Vilabu vya kaunti viliishi kwa michango ya wanachama na viingilio, na vyote viwili vilikuwa vinapungua.

Jaribio lilifanyika kwanza katika kaunti za katikati ya nchi. Mike Turner, katibu wa Leicestershire, aliona kwamba ratiba ya 1962 ina siku tupu mwanzoni mwa msimu. Akazialika Derbyshire, Northamptonshire na Nottinghamshire wacheze mtoano mdogo wa timu nne, kila upande ova 65, na mrushaji mmoja asizidi ova 15. Kwa asiyeufahamu mchezo, ova moja ni mipira sita halali inayorushwa na mtu mmoja kutoka upande mmoja wa pichi. Northamptonshire walishinda. Mashindano yale yalikuwa ya siku mbili tu za mechi, lakini yalitosha kuonyesha kwamba jambo linawezekana. Msimu uliofuata wakuu wa kriketi waliyachukua masharti yale yale, ova 65 na kikomo cha 15, wakayatumia kwa kaunti zote 17. Kampuni ya nyembe ya Gillette ilitoa pauni 6,500. Kwa fedha za leo zinaonekana kidogo, ila wakati ule lilikuwa jambo geni kwa kampuni ya biashara kuweka jina lake juu ya kombe la kriketi. Tukumbuke pia kwamba Novemba 1962 kaunti zilikuwa zimepiga kura kufuta mgawanyo wa zamani kati ya wachezaji wa ridhaa na wa kulipwa. Kwa hiyo msimu wa 1963 ulikuwa mpya kwa njia mbili kwa mpigo.

Kaunti 17 hazigawanyiki vizuri katika mtoano. Ili zibaki 16, mechi moja ya awali ilihitajika, na ndiyo mechi ya kwanza kabisa ya kombe: Lancashire na Leicestershire, Old Trafford, Manchester, 1 Mei 1963. Mvua iliingilia kati, na mechi ya siku moja ikamalizika siku ya pili. Lancashire walifikisha mikimbio 304, ndiyo pointi za mchezo huu, kwa wiketi 9, yaani wapigaji tisa wakiwa wametolewa. Peter Marner alipiga 121, akawa mtu wa kwanza kufikisha 100 katika mashindano haya na mchezaji bora wa kwanza wa mechi. Leicestershire walijibu kwa 203, na 106 kati ya hizo zilikuwa za Maurice Hallam peke yake. Brian Statham alichukua wiketi tano.

Hesabu ya kikomo cha warushaji inastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu ndiyo inayoamua timu inachaguliwaje. Ukiwa na ova 65 na kikomo cha 15, warushaji wanne wanamaliza ova 60, na ova tano zinabaki bila mwenyewe. Nahodha angeweza kumpa mpigaji anayejua kurusha kidogo azibe pengo hilo. Mwaka 1964 ova zilipunguzwa hadi 60 na kikomo kikawa 13: wanne wanamaliza 52, zinabaki nane, na pengo limekua. Mwaka 1966 kikomo kikashushwa hadi 12, na hapo hesabu ikafunga kabisa, kwa kuwa 12 mara tano ni 60. Tangu siku hiyo timu isiyo na mrushaji wa tano wa kuaminika ilikuwa na ova 12 za hatari, na nahodha wa upande wa pili alizijua. Ukisoma karatasi za mechi za miaka ile, mara nyingi mechi iligeuka palepale, mikononi mwa mrushaji wa tano.

Aliyeusoma mchezo huu mpya kabla ya wenzake ni Ted Dexter, nahodha wa Sussex. Katika mechi ya siku tatu lazima uwatoe wapigaji wote ili ushinde, kwa hiyo unaweka wachezaji karibu na mpigaji ili wadake. Dexter alitambua kwamba katika mechi ya ova zilizohesabiwa wiketi ni neema tu, si lazima. Kinachotakiwa ni kumnyima mpinzani mikimbio. Akawapa mpira zaidi warushaji wa kasi na wa kasi ya wastani, wanaolenga palepale kila mara, na akawarudisha wachezaji wake nyuma hadi karibu na mpaka. Wakati huo hapakuwa na duara lililochorwa uwanjani wala kanuni ya wangapi wabaki ndani yake. Hiyo ililetwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na aliyeifanya ihitajike ni Dexter na waliomwiga.

Fainali ya kwanza, 7 Septemba 1963, ilionyesha mbinu hiyo ikifanya kazi. Sussex walitolewa wote kwa 168 tu. Worcestershire wakatolewa kwa 154, Sussex wakashinda kwa mikimbio 14. Tuzo ya mchezaji bora ilikwenda kwa Norman Gifford wa Worcestershire, aliyezungusha mpira akachukua wiketi nne kwa mikimbio 33, timu yake ikiwa imeshindwa. Mwaka uliofuata Sussex walilitwaa tena, wakiwafunga Warwickshire kwa wiketi nane, yaani walifikia ushindi wakiwa bado na wiketi nane mkononi. Wapo waliosema kriketi ya namna hii ni ya kujilinda tu na itawachosha watazamaji. Jibu lilitoka mwaka 1965: Geoffrey Boycott wa Yorkshire, mtu aliyejulikana kwa upigaji wa polepole, alipiga 146 kwenye fainali, Yorkshire wakafikisha 317 kwa wiketi 4 na kuwashinda Surrey kwa mikimbio 175.

Tangu 1964 pia mlango ulifunguliwa kwa kaunti ndogo, zile zisizocheza Ubingwa wa Kaunti. Tano bora za msimu uliopita ziliingia na kupangwa na wakubwa. Wachezaji wao walikuwa walimu, makarani, watu wa benki, walioomba ruhusa kazini ili wacheze. Kwa miaka tisa hakuna hata moja iliyoishinda kaunti kubwa. Kisha tarehe 30 Juni 1973, Harrogate, Durham waliwatoa Yorkshire wote kwa 135. Nahodha wao, Brian Lander, alichukua wiketi tano kwa mikimbio 15, na Durham wakafika kwa wiketi tano mkononi. Hao Yorkshire ndio kaunti iliyokuwa na ubingwa mwingi kuliko zote. Mwaka uliofuata Lincolnshire waliwatoa Surrey, na mwaka 1976 Hertfordshire waliwatoa Essex. Idadi ya timu ilikua, Ireland wakaingia 1980 na Scotland 1983, na mwaka huo wa 1983 timu zikatimia 32.

Hiyo 32 ni namba tamu kwa mpangaji ratiba. Ni 32, 16, 8, 4, 2, bila timu kuvuka raundi bure, na bingwa anapatikana kwa mechi 31 tu. Raundi ya kwanza ilikuwa siku moja ya wiki, kwenye viwanja vya vijijini na miji midogo, wachezaji wa timu ya taifa wakicheza mbele ya watu waliozoea kuwaona kwenye televisheni. Mara nyingi kaunti kubwa ilishinda, na wakati mwingine kwa kipigo cha kusikitisha. Mwaka 1990 huko Torquay, Somerset walipiga 413 kwa wiketi 4 dhidi ya Devon, kisha wakawatoa Devon wote kwa 67. Tofauti ya mikimbio 346! Wakosoaji walizoea kulinganisha mechi kama hiyo na kupoteza siku. Nadhani walikosea. Bila uwezekano wa Torquay hakuna uwezekano wa Harrogate, na kaunti kubwa ziliingia raundi ya kwanza zikiwa na hofu ya kweli, kwa sababu hapakuwa na mechi ya marudiano.

Miaka ya dhahabu ilikuwa ya Lancashire chini ya Jack Bond: makombe matatu mfululizo, 1970, 1971 na 1972. Walikuwa na Clive Lloyd kutoka Guyana, ambaye fainali ya 1972 alipiga 126, na Farokh Engineer kutoka India nyuma ya wiketi, yaani vijiti vilivyo nyuma ya mpigaji. Lakini walichotofautiana na wengine ni jinsi walivyokimbiza na kudaka mpira. Fainali ya 1971 iliamuliwa hivyo. Asif Iqbal wa Kent alikuwa na 89 na mechi ilikuwa inaelea upande wake, Bond akaruka na kudaka mpira ambao mchezaji wa rika lake hakutarajiwa hata kuugusa. Kent walitolewa kwa 200, upungufu wa mikimbio 24.

Mechi inayokumbukwa kuliko fainali ile ni nusu fainali ya mwaka huo huo, Old Trafford, 28 Julai, Lancashire na Gloucestershire. Mvua ilikula kama saa moja mchana. Gloucestershire walikuwa na 229 kwa wiketi 6. Ilipokaribia saa tatu usiku Lancashire walikuwa wamepoteza wiketi saba, na taa za stesheni ya reli pembeni mwa uwanja zilikuwa zimewaka. Waamuzi wangeweza kuahirisha mpaka kesho. Wakaendelea. David Hughes alikabiliana na ova ya John Mortimore, mrushaji wa mpira wa kuzungusha, akaipiga hivi: nne, sita, mbili, mbili, nne, sita. Jumla 24 kwa mipira sita. Mechi iliisha kwa ushindi wa Lancashire karibu saa tatu usiku, na BBC waliichelewesha taarifa ya habari ya saa tatu ili watu waone mwisho wake.

Kwa nini nahodha alimpa mpira mzungushaji wakati huo? Ni ile hesabu ya ova 12. Ukiwatumia warushaji wako wa kasi mapema kuzuia mikimbio, mwishoni wana ova chache, na lazima mtu mwingine arushe. Ndiyo maana nahodha mzuri wa kombe hili alikuwa na kikaratasi mfukoni cha nani amebakiza ngapi.

Kombe hili liliacha alama nje ya Uingereza pia. Kombe la Dunia la kwanza, 1975, lilichezwa Uingereza kwa kipimo kilekile cha ova 60 na kikomo cha 12. Afrika Mashariki ilipeleka timu moja, ikiwa na wachezaji kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, nahodha akiwa Harilal Shah. Walikutana na New Zealand, India na Uingereza, wakashindwa mechi zote tatu. Glenn Turner wa New Zealand peke yake aliwapiga 171 bila kutolewa. Tatizo kubwa ni kwamba walikuwa wanakutana na watu waliokuwa wakicheza ova 60 kila kiangazi katika kombe hili. Turner mwenyewe alikuwa mchezaji wa Worcestershire.

Katika kikosi kile alikuwemo Don Pringle, mrushaji wa Kenya. Mwanawe, Derek Pringle, mzaliwa wa Nairobi, ndiye aliyerusha ova ya mwisho ya fainali ya 1985 kwa ajili ya Essex. Brian Hardie alikuwa amepiga 110 na Graham Gooch 91, Essex wana 280 kwa wiketi 2. Nottinghamshire walihitaji 18 kutoka mipira sita ya mwisho, na mpigaji ni Derek Randall. Mipira mitano ikatoa 16. Pringle alikuwa analenga miguu, Randall anasogea kushoto kabla mpira haujafika ili apate nafasi ya kuupiga upande ulio wazi. Kwa mpira wa mwisho zilihitajika mbili. Pringle akamfuata mwilini, Randall akaubetua hewani, Paul Prichard akaudaka. Essex walishinda kwa mkimbio mmoja.

Ova hiyo inafaa kufundishwa kwa kila kijana anayerusha mwishoni mwa mechi. Mtu akikusoma mara tano mfululizo, usibadili kasi tu. Mfuate anakokimbilia.

Miaka minane baadaye akatokea mtoto wa Kampala. Fainali ya 1993, Sussex walipiga 321 kwa wiketi 6, David Smith akiwa na 124. Hakuna timu iliyokuwa imewahi kufukuza kiasi hicho kwenye fainali. Asif Din, mzaliwa wa Kampala, mchezaji wa Warwickshire, alipiga 104 na kupewa tuzo ya mchezaji bora. Ova ya mwisho zilibaki 15, mrushaji ni Franklyn Stephenson. Dermot Reeve akachukua 13 kwa mipira mitano. Mpira wa mwisho ulimkuta Roger Twose, ambaye hakuwa amepokea hata mmoja siku nzima, akaupiga na wakakimbia mbili. Warwickshire 322 kwa wiketi 5.

Sasa nizungumzie kasoro iliyoliumiza kombe hili kwa muda mrefu, kwa sababu ilikuwa ya kiufundi na ingeweza kurekebishwa mapema. Fainali ilichezwa Jumamosi ya mwanzo wa Septemba. Ova 120 za pande zote mbili kwa mwendo wa ova 18 kwa saa ni saa sita na dakika 40, kabla ya kuongeza chakula cha mchana na chai. Jua la London wakati huo linazama karibu saa moja na nusu jioni. Kwa hiyo ililazimu kuanza saa nne na nusu asubuhi. Saa hiyo, mwanzo wa Septemba, nyasi zina umande, pichi ina unyevu chini, hewa ni baridi na nzito. Mpira mpya mwekundu wenye mshono uliosimama ukitua kwenye pichi ya namna hiyo unakwenda kushoto au kulia bila mpigaji kujua. Kufikia saa saba mchana jua limeshakausha kila kitu, na upande wa pili unapigia kwenye pichi nyingine kabisa.

Matokeo yake yanaonekana kwenye kumbukumbu. Kuanzia 1986 hadi 1995, fainali kumi mfululizo, timu iliyopiga ya pili ndiyo iliyoshinda. Zote kumi. Mwaka 1990 Phil DeFreitas wa Lancashire aliwachukua Northamptonshire wiketi tano kwa mikimbio 26, na mechi ikawa imekwisha kabla ya chakula cha mchana. Mwaka 1988 Worcestershire walifikisha 161 tu. Watu walikuwa wanasafiri kutoka kaunti zao tangu alfajiri kuja kutazama mechi iliyoamuliwa na sarafu ya kuchagua nani apige kwanza. Mfululizo huo ulivunjika mwaka 1996 kwa njia ya ajabu: Lancashire walipiga kwanza wakatolewa kwa 186, kisha Glen Chapple akachukua wiketi sita kwa 18 na Essex wakaishia 57. Lakini mwaka 1997 na 1998 wapigaji wa pili walishinda tena, kila mara kwa wiketi tisa.

Dawa ilikuja 1999. Ova zilishuka kutoka 60 hadi 50, ambacho ndicho kipimo cha Kombe la Dunia tangu 1987, na fainali ikasogezwa hadi mwisho wa Agosti. Kuondoa ova 20 kunaokoa zaidi ya saa moja, kwa hiyo huna haja ya kuanza na umande. Mwaka huo huo Gloucestershire walipiga kwanza na kushinda. Wengi walililia ova 60, na ninawaelewa, kwa kuwa zilimpa mpigaji nafasi ya kujenga. Hata hivyo badiliko hilo lilikuwa sahihi, na lilichelewa kwa angalau miaka kumi.

Gloucestershire ndio walioelewa ova 50 kuliko wote: makombe ya 1999, 2000, 2003 na 2004. Hawakuwa na majina makubwa mengi. Silaha yao ilikuwa Jack Russell, mlinda wiketi, kusimama karibu kabisa na wiketi hata kwa warushaji wa kasi ya wastani, mahali ambapo wengine husimama hatua nyingi nyuma. Mpigaji akijua kuna mikono nyuma ya kisigino chake, hathubutu kutoka nje ya mstari wake kuufuata mpira. Akibaki ndani, warushaji wanaendelea kumlenga palepale, na mikimbio inakauka. Ni mbinu inayotaka mazoezi mengi na vidole vigumu, kwa sababu mpira unaogusa ukingo wa gongo unafika kabla ya kufikiri.

Kanuni za kuamua mechi zisizoamulika nazo zina historia yake. Fainali ya 1981 Northamptonshire walikuwa na 235 kwa wiketi 9. Derbyshire walifikisha 235 kwa mpira wa mwisho, wakiwa wamepoteza wiketi sita. Sare ilitolewa kwa aliyepoteza wiketi chache, Derbyshire wakachukua kombe. Mvua ilipoharibu siku ya mechi, kulikuwa na siku za akiba. Fainali ya 1987 iliendelea hadi Jumatatu. Siku za akiba zikiisha nazo, timu zilirusha mipira kwenye vijiti visivyo na mpigaji: watu watano, kila mmoja mipira miwili. Hivyo ndivyo Hertfordshire walivyowatoa Derbyshire mwaka 1991, kwa 2 dhidi ya 1. Angalieni namba hiyo: mipira kumi kwa kila upande, upande mmoja ukiwa wa wachezaji wanaolipwa kwa kazi hiyo, na mipira iliyogonga vijiti ni mitatu kwa jumla. Kurusha bila mpigaji mbele ni kugumu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu mrushaji amezoea kulenga akimtazama mtu.

Baada ya 2000 mambo yakaanza kusongamana. Kaunti zilikuwa na Ubingwa, ligi ya Jumapili iliyoanza 1969, na kombe la Benson & Hedges la tangu 1972. Hilo la mwisho liliondoka 2002, na mwaka 2003 mashindano ya ova 20 kwa kila upande yakachukua nafasi yake. Ova 20 zilijaza viwanja jioni za Juni, na ghafla mechi ya siku nzima katikati ya wiki ilionekana ghali kuiandaa. Kombe bado lilikuwa na siku zake. Juni 2002 pale The Oval, kwenye pichi ya pembeni yenye mpaka mfupi upande mmoja, Alistair Brown wa Surrey alipiga 268 kwa mipira 160, Surrey wakafikisha 438, na Glamorgan wakajibu kwa 429. Lakini wahasibu wa kaunti walikuwa na lalamiko la haki kutoka upande wao: timu inayotolewa raundi ya kwanza inapata mechi moja, pengine ugenini, na haiwezi kuuza tiketi za mechi ambazo haina.

Mwaka 2006 wakalitatua lalamiko hilo kwa kuufuta mtoano. Timu 20, yaani kaunti 18 pamoja na Scotland na Ireland, ziligawanywa makundi mawili, kaskazini na kusini. Kila moja ilicheza mechi tisa, na kinara wa kila kundi alikwenda moja kwa moja fainali. Kaunti ndogo zote zikaondolewa. Fanyeni hesabu: kutoka mechi 31 hadi 91. Timu iliyopoteza mechi tatu za mwanzo ilikuwa na sita za kukamilisha ratiba. Mvua ikinyesha, kila mtu pointi moja, hakuna siku ya akiba. Na kwa kuwa nafasi ya fainali ilikuwa moja kwa kundi, timu nyingi zilikuwa nje ya mbio mapema. Mwaka 2007 waliongeza nusu fainali, na 2008 wakagawanya makundi manne ya timu tano na robo fainali, jambo linaloonyesha kwamba nao waliona tatizo. Ila walikuwa wanatibu ratiba, na ugonjwa ulikuwa kwingine. Mchezaji aliyejua kwamba wiki ijayo kuna mechi nyingine hachezi kama yule aliyejua kwamba hakuna.

Fainali zenyewe ziliendelea kuwa nzuri. Mwaka 2006 James Kirtley wa Sussex aliwazuia Lancashire wasifikie 173 kwa kuchukua wiketi tano. Mwaka 2007 Durham, wale waliokuwa kaunti ndogo pale Harrogate na kupandishwa hadhi 1992, walipiga 312 dhidi ya Hampshire, kisha Ottis Gibson akachukua wiketi kwa mipira miwili ya kwanza ya zamu ya pili. Wakashinda kwa mikimbio 125.

Tarehe 25 Julai 2009 Hampshire waliwafunga Sussex kwa wiketi sita, Dominic Cork akichukua wiketi nne akiwa na miaka 37. Sussex waliocheza fainali ya kwanza ndio waliocheza ya mwisho. Mwaka 2010 kombe hili na ligi ya ova 40 viliunganishwa kuwa mashindano mapya ya ova 40 kwa timu 21, kwa makundi.

Vitabu vikafungwa hivi: Lancashire mara 7, Sussex, Warwickshire na Gloucestershire mara 5 kila mmoja. Kaunti 16 kati ya 18 zililitwaa angalau mara moja. Glamorgan, waliofika fainali 1977, na Leicestershire, walioanzisha wazo lenyewe na kufika fainali 1992 na 2001, hawakulipata. Karatasi za fainali nilizozitaja ziko hapa mezani, na tuna muda wa maswali.